Bushi ya Milima Miwili

Mgeni hakumtazama Margareta, aliitazama mashine. Alisimama mlangoni mwa karakana, viatu vyake vyeusi vimeshika vumbi la mtaa wa Pasua, Moshi, akainama polepole kama mtu anayemsogelea mnyama asiyemjua tabia, hadi uso wake ukawa sawa na kibao cha chuma kilichopigiliwa ubavuni mwa mashine. Akakisoma kwa kuchezesha midomo. Kisha akahesabu kwa vidole, akarudia kuhesabu, akacheka peke yake.

"Shikamoo, mama," alisema binti aliyeongozana naye, akivua miwani ya jua. "Naitwa Kindness. Nimetoka Dar, ofisi ya wakala wa Sanmaek. Huyu ni Bwana Noh, mhandisi kutoka kiwandani kwao, Korea."

"Marahaba." Mkono wa Margareta ulikuwa bado juu ya swichi. Aliizima mashine, na ukimya ulioingia ulikuwa mzito kuliko kelele iliyotoka. Wamekuja, alijiambia. Kwa miaka sita alikuwa amewangoja watu hawa, akiwapa kila siku sura mpya: polisi, mwanasheria, mtu wa kodi mwenye faili chini ya kwapa. Hakuwahi kufikiri kwamba wangefika wakicheka.

Mgeni alisema neno, na Kindness, aliyezungumza naye Kiingereza, akalipokea. "Anasema mashine hii ya kukerezea ilitoka kiwandani kwao mwaka themanini na saba. Kwao imebaki moja tu, iko kwenye makumbusho ya kampuni, imezungushiwa kamba. Hairuhusiwi kuguswa."

"Mwambie hii inaguswa kila siku."

Bwana Noh alitikisa kichwa kwa heshima, kama aliyepewa habari za ndugu wa mbali. Ndipo akafungua mkoba, akatoa mfuko mdogo wa plastiki, akauweka juu ya meza ya kazi. Ndani yake mlikuwa na bushi ya springi ya lori, kijibomba cha bronzi cha kushikia pini, kisichozidi urefu wa kidole gumba, kimetoboka katikati kama kisiki cha muwa kilicholiwa na funza. Juu yake, katika duara, vilele viwili vya mlima.

*

Sanmaek hutengeneza vipuri vya magari na mitambo ya viwandani, na nembo yake ni vilele hivyo viwili. Bila shaka aliyeichora alikuwa na milima ya kwao akilini. Lakini madereva wa Moshi hawakuona haja ya kuuliza: kilele cha mviringo ni Kibo, kilichochongoka ni Mawenzi, mambo yamekwisha. Wakaviita vipuri hivyo Milima Miwili, na wakavipenda kana kwamba vilichimbwa nyuma ya nyumba zao.

Margareta alikuwa mkerezaji. Kwa miaka ishirini na miwili chuma kilikuwa kimezunguka mbele ya kifua chake, naye akikipunguza unywele kwa unywele. Mashine ile aliinunua na marehemu mumewe kwenye mnada wa shamba la katani lililofungwa, na mumewe alipofariki, watu walimshauri aiuze, akawasikiliza kwa adabu, kisha akaitia mafuta. Tangu utoto wake kule Uru, mlimani, alikuwa na ugonjwa mmoja: hakuweza kuona kitu kilichofungwa asitake kujua ndani mna nini. Aliifungua redio ya baba yake akairudisha kabla mzee hajatoka shambani. Kilichobadilika ni kwamba tangu siku hiyo ilishika stesheni ya Nairobi.

Ugonjwa huo ndio uliomfikisha kwenye bushi. Kila moja iliyoletwa kwake kutoka kwenye malori ya mlimani ilikuwa imelika upande mmoja, na daima upande uleule. Alizipanga dirishani, moja baada ya nyingine, akazitazama kwa wiki kadhaa kama mtu anayesoma barua iliyoandikwa kwa lugha asiyoijua. Mwishowe Jumapili moja, akitoka misa huko kwao, aliketi ukingoni mwa barabara na gauni lake la kanisani, akaanza kutazama malori. Yalipanda matupu. Yalishuka yamejaa. Ndizi, maziwa, kahawa, mbao: mlima hutoa, mji hupokea. Na lori lililojaa likishuka, dereva akikanyaga breki, uzito wote husukuma mahali palepale, mwaka hadi mwaka. Mahali hapohapo ndipo Wakorea walipopitisha mfereji wa grisi.

Siku iliyofuata alikereza bushi yake ya kwanza. Mfereji aliuhamisha, akaupinda kama nyoka, na ukingoni akaacha mdomo mwembamba wa kuzuia vumbi. Ikadumu mara tatu ya ile ya dukani. Lakini Ezra, mwenye duka la vipuri karibu na stendi, aliigeuzageuza mkononi, akamrudishia. "Dada, nakuamini. Ila mteja hanunui chuma. Ananunua Milima Miwili."

Basi akatengeneza muhuri wa vilele viwili. Siku ya kwanza ya kuugonga alifunga mlango wa karakana. Mwaka wa tatu hata hakukumbuka kwamba aliwahi kuufunga.

*

"Imetembea muda gani?" aliuliza sasa, macho yakiwa kwenye mfuko wa plastiki.

Hakuwa amekusudia kuuliza. Jibu alilokuwa ameliandaa kwa miaka sita lilikuwa jingine kabisa: sijui, sijawahi kuiona, mimi ni fundi wa kuchonga vishikio vya milango. Lakini swali lilimtoka kama kikohozi.

Kindness akatafsiri. Bwana Noh akamtazama Margareta kwa mara ya kwanza.

"Mwaka mmoja na miezi minne," Kindness alisema. "Tajiri mmoja wa malori huko Holili aliirudisha kwa wakala. Si kwa kulalamika, mama. Aliomba nyingine kama ile. Wakala akaituma Korea, na maabara wakasema hii si yetu. Ya kwao halisi, kwenye gari lilelile, ilikwisha kwa miezi mitano."

Margareta akatabasamu. Lilikuwa tabasamu fupi, akalimeza mara moja, lakini lilikuwa limeshaonekana. Na baada ya tabasamu lile hapakubaki kitu cha kukana.

"Ni yangu," alisema.

Alitarajia mgeni apige simu. Mgeni akavuta kigoda, akaketi, akatoa kalipa, kipimo cha unene, mfukoni mwa shati pamoja na daftari lenye miraba. Alitaka kujua kwa nini mfereji uko hapa, si pale. Margareta akachukua chaki, akachora barabara ya Uru juu ya sakafu: mteremko, lori, mzigo, mshale wa breki. Bwana Noh akakunja uso.

"Anasema waliijaribu kilomita laki mbili kabla ya kuiuza," Kindness alisema, sauti ikiwa imepungua kidogo. "Mama, nadhani amekasirika. Bushi hii aliichora yeye mwenyewe, miaka kumi na tisa iliyopita."

"Waliijaribu wapi?"

"Kwenye uwanja wao wa majaribio."

"Uwanja una mteremko?"

Kindness alitafsiri. Mhandisi akaliweka daftari chini. Akaitazama michoro ya chaki, kisha akapiga magoti kwenye vumbi na kwa kidole chake akaongeza mstari mmoja ambao Margareta alikuwa ameusahau: kona.

Kona. Neno hilo lilimchoma Margareta mahali alipokuwa amelifunika kwa mwezi mzima.

Mwezi mmoja uliopita, masika yakiwa yamepamba moto, lori la kikundi cha maziwa cha kijijini kwao lilikuwa limepinduka kwenye kona iliyo juu ya mfongo. Maziwa yalimwagikia kwenye mfereji huo wa umwagiliaji, ukatiririka mweupe hadi migombani kwa watu. Dereva alikuwa Wenseslaus, mtoto wa mjomba wake, mwanamume wa miaka arobaini aliyeendesha gari kwa uangalifu hadi wakamtania kwamba ng'ombe humpita. Mguu wake ulivunjika mara mbili. Kabla hajafika hospitali, mlima mzima ulikuwa umeshajua sababu: pombe ya mbege. Kikundi kikamsimamisha kazi.

Margareta alikwenda kumwona na chupa ya mtori wa ndizi. Alimnywesha kijiko kwa kijiko, na kila kijiko kilibeba swali ambalo hakulisema. Kwani Januari ile bronzi ilikuwa imekosekana mjini kote, Ezra akawa anamhimiza, naye akachukua shaba ya njano iliyotoka kwenye valvu kuukuu za mabomba ya maji. Ni laini, shaba hiyo. Aliijua kuwa laini. Alikereza bushi chache tu, akazigonga muhuri, akajiambia kwamba chache hazihesabiki. Kuuliza si ujinga, walimfundisha shuleni. Hawakumfundisha kwamba kuna maswali ambayo mtu huyakwepa kwa sababu anajua jibu linakaa nyumba gani.

Simu yake iliita. Alikuwa Ezra. "Wamefika hapo? Sikusema kitu, dada. Waliponiuliza niliangalia tu upande wa huko kwako. Wewe kaa kimya, wataondoka."

Margareta alikata simu. "Kindness," alisema, "mwulize kama ana nafasi ya kwenda Uru. Kuna lori nataka tulifungue."

*

Gari la wageni lilipanda taratibu. Mvua ilikuwa imekatika dakika chache kabla, na kila jani la mgomba lilikuwa likijimwagia maji lenyewe. Bwana Noh aliteremsha kioo. Alitaka kujua kila kitu: kwa nini kahawa imepandwa chini ya migomba, nani anamiliki maji ya mfongo, yule mama aliyebeba majani ya ng'ombe amebeba kilo ngapi na ametembea umbali gani. Walipofika kwenye kona, aliomba gari lisimame. Alishuka, akachutama, akapima mteremko kwa chombo kilichokuwa ndani ya simu yake. Aliporudi hakuuliza tena swali.

Wenseslaus aliketi kibarazani kwenye kiti cha plastiki, mguu wenye plasta umelazwa juu ya kreti la soda. Alikuwa amekonda. Alimwona Margareta, uso ukamwangaza.

"Karibuni. Dada, leo umeniletea Mchina?"

"Mkorea."

"Basi aniwie radhi. Karibu, mzee wangu. Vyuma vya kwenu ndivyo vilivyonilisha miaka yote hii."

Lori lilikuwa limekokotwa hadi nyuma ya zizi, likaachwa pale likiwa limeinama upande kama ng'ombe mgonjwa. Margareta alieleza kwa maneno machache: wanataka kuona springi. Hakueleza zaidi. Wenseslaus akaagiza watandikiwe majani makavu ya mgomba, na mhandisi akavua koti, akalikunja vizuri akampa Kindness, akalala chali kwenye tope pamoja na mkerezaji. Walifanya kazi bila mkalimani. Yeye alinyoosha mkono, Margareta akampa spana. Margareta alionyesha kwa kidevu, yeye akashikilia taa. Kutoka kibarazani Wenseslaus alipiga kelele: "Upande wa kushoto! Wa mbele! Ndio ulioanza kuvuta!"

Pini ilitoka baada ya kugongwa mara nyingi, imepinda. Bushi ikaifuata vipandevipande.

Bwana Noh alivipeleka vipande kwenye mwanga, akavipangusa kwa kitambaa. Mfereji wa grisi ulikuwa umelika wote. Hapakuwa na alama ya kuonyesha kama ulikuwa mnyoofu au umepinda. Kilichosalia ni kipande cha ukingo, na juu yake, vizuri kabisa, vilele viwili ndani ya duara. Margareta alikuwa bado yuko chini ya lori. Aliona rangi ya chuma kile kutoka hapo alipolala. Bronzi huzeeka kwa wekundu kama kahawa iliyoiva. Kile kilikuwa cha njano.

Alichelewa kutoka. Alibaki pale chini labda muda wa kusali Salamu Maria moja, akitazama tumbo la lori lililojaa tope, na alipotoka mhandisi alikuwa ameshafika mbele ya kibaraza.

Alikuwa amejipangusa magoti. Mikono ameibana ubavuni. Akainama. Si kule kuinama kwa kusalimia. Aliinama mpaka mgongo wake ukawa kama meza, akabaki vivyo hivyo, na matone ya mgomba yakawa yanamdondokea shingoni.

"Anasema nini?" Wenseslaus aliuliza kwa hofu. "Mwambieni aketi."

"Anasema," Kindness alianza, "anasema nembo hii ni ya kampuni yao. Anasema bushi hii aliichora yeye. Kama chuma chao ndicho kilichokuvunja mguu, anaomba—"

"Kindness, mwanangu, ngoja."

Wote wakamgeukia Margareta. Mikono yake ilikuwa myeusi hadi viwikoni, na kwenye nywele alikuwa na kipande cha jani la mgomba. Njia ilikuwa imemfungukia, pana na tambarare: angenyamaza tu. Kampuni kubwa huko ng'ambo ingebeba mzigo ule bila hata kuhisi uzito. Ezra angesema hiyo ndiyo akili.

"Bushi hii ni yangu," alisema. "Mwambie anyooke."

*

Kuku walichakura chini ya migomba. Bwana Noh alikuwa amenyooka, lakini hakujua aangalie wapi, akaangalia vipande mkononi mwake.

"Ulikuja hospitali na mtori," Wenseslaus alisema hatimaye.

"Nilikuja."

"Ulijua?"

"Sikujua. Nilishuku. Nilitaka kujua, nikaogopa kuuliza."

"Mwezi mzima."

"Mwezi mzima."

Wenseslaus aligeuza uso akatazama zizi. Aliposema tena, sauti yake haikuwa na hasira ambayo Margareta alikuwa ameikunjia mabega kuipokea. "Unajua watu walivyokuwa wakinisalimia kule wodini? Kila aliyekuja aliinama karibu sana. Nilidhani ni upendo. Walikuwa wananinusa, dada. Mpaka mama yangu. Mwisho nikaanza kujinusa mwenyewe. Nilikuwa nikilala najiuliza: labda nilisinzia. Labda asubuhi ile nilionja kikombe, nimesahau. Mtu anaweza kujishuku hadi akajitolea ushahidi wa jambo ambalo hakulifanya."

Margareta alitaka kusema samahani, lakini neno hilo lilionekana dogo mno, kama kuziba mfongo kwa kiganja.

"Sina la kukufanya," Wenseslaus aliendelea. "Mguu utaunga. Ila hili ulilosema hapa kibarazani, hapa limesikika na kuku na mimi. Jumatano asubuhi wanachama wote wapo kituoni, maziwa yakipimwa. Utalisema pale?"

Alifikiri juu ya nyuso atakazozikuta. Walikuwa watu wa ubatizo wake, wa misiba yake. Wanawake waliomfundisha kukamua.

"Nitalisema."

"Haya," Wenseslaus akasema, na akafumba macho kama mtu aliyepewa mto. Alipoyafumbua alimwelekezea mhandisi kidevu. "Na huyu mzee mpeni kahawa. Amelowa."

*

Wakati wa kushuka, Bwana Noh alivishika vipande vya bushi hadi walipoikaribia lami. Kisha akasema maneno machache, bila kupaza sauti, na Kindness akayachukua kwa uangalifu kama anayehamisha maji kwenye kikombe kilichojaa.

"Anasema, nembo ni ahadi. Anasema wewe uliahidi kwa mdomo wa mtu mwingine." Akamgeukia Margareta. "Na anauliza, za shaba ya njano ziko ngapi?"

"Nane."

"Ziko wapi?"

"Moja anayo yeye mkononi."

Walikwenda moja kwa moja dukani kwa Ezra. Aliapa kwamba hakumbuki wateja; Margareta akaketi juu ya kopo la rangi katikati ya duka lake, akamwambia hana haraka, na kumbukumbu ya Ezra ikarudi kidogo kidogo. Siku hiyo na kesho yake walizunguka, yeye na wageni wake wawili, gereji kwa gereji, wakilala chini ya malori ya watu walioshangaa. Walizipata tatu. Nyingine moja ilikuwa imekwisha kutolewa na kutupwa. Tatu zilizosalia Ezra alikumbuka tu kwamba zilichukuliwa na kijana wa lori la kukodi, rangi ya bluu, au labda kijani.

Bwana Noh alikuwa na ndege ya kupanda. Asubuhi ya kuondoka alipita karakana. Margareta alimpa muhuri, umefungwa kwenye gazeti, na mhandisi akaupokea kwa mikono miwili, akasema ataandika kila alichokiona, cha kupendeza na kisichopendeza, na wakubwa wake wataamua. Hakumwahidi kitu. Aliomba bushi moja ya bronzi, ya mfereji uliopinda, isiyo na alama yoyote. Wataipasua katikati, alisema, wachunguze chuma chake na mkato wake.

"Mwulize," Margareta alisema, "wakishaipasua, atanijulisha walichokiona?"

Alishangaa mwenyewe kwamba, katika mambo yote ambayo mtu wa hali yake alipaswa kuyaogopa, hilo ndilo alilotaka zaidi kulijua. Kindness akatafsiri. Bwana Noh akafikiri. Halafu akajibu kwa Kiswahili, neno alilokuwa amelisikia chini ya kila lori walilolifungua.

"Tutaona," alisema.

*

Jumatano mlima ulitoka wazi, theluji yake nyembamba ikiwa na rangi ya maziwa ya kwanza. Wanachama walikuwa wamejipanga nje ya kituo, wengi wao wanawake, kila mmoja na ndoo au dumu lake, mvuke wa pumzi ukiwatoka puani. Wenseslaus aliletwa kwa bodaboda, mguu umenyooshwa pembeni, akakalishwa kwenye benchi. Hakumsaidia Margareta kwa neno wala kwa jicho.

Melkior, katibu wa kikundi, alikuwa akipima kama maziwa yametiwa maji, kwa kijiti chake cha kioo. Margareta akamwomba nafasi. Alikuwa ameandaa maneno usiku kucha, lakini aliposimama mbele yao yote yalimtoroka, yakabaki yale mafupi. Alisema Wenseslaus hakunywa. Alisema kilichovunjika ni bushi, na bushi aliitengeneza yeye kwa shaba ya njano ambayo alijua si imara, akaigonga nembo isiyokuwa yake. Akasema zilikuwa nane. Akasema za tano anajua zilikoishia, tatu bado ziko barabarani. Basi.

Hakuna aliyepiga kelele. Ingekuwa afadhali wangepiga. Mtu mmoja aliguna. Wanawake wawili walitazamana, kisha wakamtazama Wenseslaus, na mmoja wao akainamisha kichwa. Melkior aliangalia kijiti chake kikielea kwenye maziwa kana kwamba kilikuwa kimesema jambo. Foleni ikasogea hatua moja. Ndoo iliyofuata ikamiminwa.

Margareta alibaki amesimama, hajui kama aondoke au angoje. Ndipo Bibi Eliona, mzee kuliko wote pale, aliyekuwa na dumu la lita tano na koti la marehemu mumewe, akatoka kwenye mstari.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nimesikia. Mimi sijui vyuma." Akanyoosha kidole chake kilichopinda kuelekea barabarani. Lori la kukodi lililochukua nafasi ya lile lililoanguka lilikuwa pale, injini inanguruma, nusu ya madumu yameshapakiwa. Chini ya matope lilikuwa na rangi ambayo ungeweza kuiita bluu. "Lile je? Umelitazama?"

Margareta aligeuka. Hakuwa amelitazama.

Hakukimbia, lakini alikwenda upesi. Alimwambia dereva azime injini na aweke mawe kwenye magurudumu. Alifungua khanga aliyojifunga kiunoni, akaitandika kwenye matope, akalala chali, akajivuta ndani hadi kifua kikawa chini ya springi ya kushoto, ya mbele. Kulikuwa na giza, kulinuka grisi na majani mabichi. Aliwasha taa ya simu, akaishika kwa meno. Kwa kidole cha shahada alianza kuondoa tope kwenye ukingo wa bushi, taratibu, unywele kwa unywele.

Pande zote za lori gambuti zilikuwa zimesogea. Mtu alichutama, kisha mwingine. Uso wa Bibi Eliona ulitokea kichwa chini karibu na gurudumu, kilemba kikigusa ardhi, na nyuma yake Melkior, kijiti cha kioo bado mkononi. Hakuna aliyekumbuka maziwa.

"Ni ya rangi gani?" bibi aliuliza.

"Ngoja," Margareta alisema, taa ikiwa bado mdomoni, na akaendelea kusugua.